Siku ya Walimu: hiyo orodha ya majina kwenye grupu ifute leo leo

Mkuu futa hiyo orodha.

Nimesoma uzi wako wa mchango wa wazazi kwa Siku ya Walimu mpaka pale ulipoandika kila mzazi 20,000 na "majina ya waliotoa tutakuwa tunayaweka kwenye grupu kila jioni ili kuhamasishana", nikashindwa kuendelea. Umeuliza mambo manne, zawadi au hela taslimu, sherehe iweje, wanafunzi washiriki vipi na walimu wasio wa darasa mfanyeje. Maswali mazuri yote, ila hiyo orodha ikibaki hata mfanye nini kitaharibika. Nasema hivyo kwa sababu niliyepost orodha kama hiyo kwetu ni mimi, kwa simu yangu mwenyewe, kila siku saa mbili usiku, wiki mbili mfululizo.

Ilikuwa shule ya msingi ya serikali, Morogoro, darasa la tano, mkondo wetu watoto 62. Mimi mweka hazina. Mwalimu wa darasa alikuwa nao tangu la tatu, mama mmoja mpole, lakini hesabu anafundisha mpaka mtoto aliyesinzia anaamka. Tukasema tarehe 5 Oktoba tumshtukize. Kila mzazi 10,000. Siku tatu za kwanza wametoa watu tisa tu, nikaingiwa na wasiwasi, ndo akatokea baba mmoja kwenye grupu, mzoefu wa kamati za harusi, akaniandikia pembeni: "Dada weka majina, aliyetoa tiki ya kijani, asiyetoa eksi nyekundu, bila hivyo watu hawatoi." Nikaweka. Na kweli hela zikaanza kuingia, ndo maana nikaamini nimepata dawa.

Tukafika 41. Laki nne na kumi. Keki 90,000, soda kreti tatu 42,000, vitenge doti mbili 50,000, maputo na mapambo 28,000, bahasha ya mwalimu 200,000. Risiti zote ninazo mpaka leo. Wale 21 waliobaki na eksi zao nyekundu sikuwafikiria hata kidogo, nilijua tu "watakuwa hawajaguswa".

Siku yenyewe tumepamba darasa, mwalimu kaingia watoto wanaimba, machozi yakamtoka, sisi wazazi simu juu tunarekodi. Keki ikakatwa, watoto wakapanga foleni. Akafika kijana mmoja, rafiki wa binti yangu kabisa, dawati moja, mwalimu anamnyooshea kipande na kijiko, yule mtoto mikono kaiweka nyuma. Mwalimu akadhani anaona haya, akamwambia chukua baba. Mtoto akasema, tena taratibu tu wala hakulia: "Mama kasema nisile, sisi hatujachanga."

Darasa zima kimya. Mwalimu akaweka kisu mezani, akatugeukia wazazi tuliosimama ukutani, akauliza, "Mmeandika majina?" Hakuna aliyejibu. Yule baba wa harusi akajifanya anapokea simu akatoka nje. Mwalimu akamfuata mtoto aliyekuwa keshasogea dirishani, akakaa naye pale mpaka kengele inagonga. Keki yenyewe hakuionja.

Kesho yake bahasha ikarudi kupitia kwa mwalimu mkuu, haijafunguliwa, na ujumbe kwamba hiyo hela inunue madaftari ya watoto wote 62. Vile vitenge sijawahi kumuona navyo hata siku moja.

Nikamtafuta mama yake yule kijana. Anauza mboga sokoni, nilikuwa nanunua mchicha kwake kila siku. Akaniambia, "Mama nanihii, mimi nilikuwa na elfu tatu. Nikaangalia orodha yote kumi kumi kumi, nikaona aibu kuituma." Elfu tatu yake ilikuwepo mkuu! Ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na orodha yangu ndo ilimzuia kuitoa. Nilimwomba msamaha, akanijibu yameisha, ila salamu kati yetu sasa hivi ni ya kupita tu, na mtoto wake hakuja tena kwetu kusoma jioni na binti yangu, na ilikuwa kila siku lazima waje kugombania kalamu mezani kwangu.

Sasa huyo baba wa kamati za harusi nimemkasirikia mpaka leo na sioni sababu ya kuficha. Harusini mtu amekupa ahadi, asipomaliza hapati kadi, anakaa kwake, basi. Darasani mtoto hana kadi, yupo tu, atakaa palepale keki inapokatwa na jina la mama yake lina eksi. Mtu mzima unashindwaje kuona hiyo tofauti? Na wewe naona kwenye grupu lenu kuna anayekwambia "uwazi", najua hiyo lugha. Uwazi ni kuweka jumla iliyopatikana na risiti za ulichonunua. Nani katoa na nani hajatoa anajua mweka hazina peke yake na anakufa nalo.

Halafu kumbuka elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, michango ya wazazi ikabaki ya hiari na mtoto hatakiwi kukosa kitu kwa sababu kwao hawajachangia. Orodha yenye eksi nyekundu sio hiari hata uipambe na maua.

Mwaka uliofuata tulifanya hivi. Hakuna kiwango, hakuna majina, jumla inatangazwa mara moja tu mwishoni. Tulipata kidogo kuliko laki nne, sawa, ila mwenye mia tano alitoa. Na kabla ya kununua chochote tukamuuliza mwalimu wa taaluma kimya kimya, walimu mnahangaika na nini? Sikutegemea jibu. Viti vya ofisini. Mwalimu anasahihisha madaftari mia na kitu amekaa kwenye kiti cha miguu mitatu kimeegemezwa ukutani. Mzazi mmoja fundi seremala akaja na randa yake Jumamosi, sisi tukanunua mbao, misumari na gundi, viti kumi na moja vikasimama. Hii siku yenyewe ya 5 Oktoba inaadhimishwa tangu 1994 kukumbuka mapendekezo ya 1966 ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani kuhusu hadhi ya walimu, na mazingira ya kazi yamo humo, kwa hiyo kiti kizima kimekaa mahali pake kabisa. Na viti ni vya ofisi nzima, hakuna mwalimu aliyeachwa, nadhani hapo nimekujibu swali moja.

La wanafunzi: kila mtoto aliandika barua, sharti moja tu, ataje kitu kimoja mwalimu alichomfundisha. Yule kijana wa dirishani aliandika, "Ulinionyesha kugawanya kwa vizibo vya soda nikaelewa." Mwalimu alinionyesha mwenyewe, ameikunja ndogo anaiweka ndani ya boksi la chaki.

Bahasha ya hela mimi sikushauri, ila kama mmeshaamua, subirini mitihani ya muhula ipite isije ikaonekana mnanunua maksi. Mambo ya soda au maandazi na ratiba ya sherehe waje wengine wakusaidie.

Umesema orodha ya kwanza inatoka leo jioni. Ongea na admini sasa hivi, na kama imeshapostiwa ifuteni kwa wote, halafu pitia waliokutumia pembeni uangalie kama kuna aliyeuliza "naweza kutoa pungufu?" Huyo mpigie simu usimwandikie meseji.