Wadogo Zangu wa Idara ya Fedha, Tazameni Wadai Kwanza

Juma lililopita nililetewa taarifa ya robo mwaka iliyoandaliwa na vijana wetu wawili wapya, na katika ukurasa wa kwanza uwiano wa fedha huru kwa mauzo, yaani fedha za uendeshaji zinazobaki baada ya kuondoa matumizi ya mitambo, zikigawanywa kwa mauzo, ulikuwa umeandikwa kwa herufi nene, kana kwamba ni tangazo la harusi. Nilicheka, kisha nikaumia, kwa sababu taarifa ya namna hiyo niliwahi kuiandika mimi mwenyewe.

1. Kabla ya kushangilia, tazameni wadai. Katika mwaka wangu wa pili kwenye kiwanda kimoja cha krispi nchini Kenya, robo moja tuliuza bidhaa za shilingi milioni 240, fedha za uendeshaji zikafika milioni 41, nikaondoa milioni 7 za mitambo, nikabaki na milioni 34, yaani asilimia 14 na ushei. Niliingia mbele ya bodi nimevaa koti jipya. Nisilolisema, kwa kuwa sikulitazama, ni kwamba milioni 26 kati ya hizo zilikuwa za muuza mafuta na za muuza karatasi za kufungashia, ambao malipo yao tulikuwa tumeyasogeza kutoka siku 30 hadi siku 75. Fedha zetu wenyewe zilikuwa milioni 8, asilimia 3 tu. Bodi iliniamini, ikaidhinisha gawio. Robo iliyofuata mwenye mafuta alikataa kushusha lori kabla ya kulipwa, na wakulima wa Bomet waliotuletea viazi vya Dutch Robijn hawakuwa tayari kutukopesha, nao walikuwa na haki, maana kilo moja ya krispi hula takriban kilo nne za viazi na viazi havingoji. Kikaangio kimoja kilikaa baridi siku tisa za Desemba, wakati kila duka linaulizia mzigo. Mkurugenzi hakunifokea, aliniomba tu nimsomee tena, polepole, ule ukurasa wa kwanza. Koti lile sijalivaa tena.

2. Linganisheni matumizi ya mitambo na uchakavu, yaani thamani ambayo mitambo hupoteza kadiri inavyotumika. Zile milioni 7 zilikuwa ndogo kwa sababu tulikuwa tumeahirisha kubadilisha kikaangio hichohicho, ambacho fundi wetu alikuwa akikisemesha kila asubuhi kama punda mgonjwa, na mimi nikaita ahirisho hilo ufanisi.

3. Pimeni kwa wakubwa. Mwaka 2023 PepsiCo, wenye Lay's na Doritos, waliuza kwa takriban dola bilioni 91.5, wakapata bilioni 13.4 za uendeshaji na kutumia bilioni 5.5 kwa mitambo na majengo, uwiano usiofika asilimia 9. Sisi tunaosubiri supamaketi zitulipe tukiwazidi, kwanza tujishuku.

4. Kodi ya ongezeko la thamani hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama supamaketi haijatulipa.

5. Kwa IFRS 16, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa ukodishaji, sehemu ya msingi ya malipo ya magari ya kukodi ya muda mrefu huwekwa chini ya ugharamiaji, nje ya fedha za uendeshaji, kwa hiyo msidhani kwamba usambazaji umekuwa wa bure.

Taarifa yenu nimeirudisha mezani kwenu. Nataka miezi 12 badala ya mitatu, na orodha ya wadai kwa umri wa deni, kabla ya Ijumaa saa nne. Chai nitanunua mimi.