Kupiga picha mrashi wa bibi kwa simu

Dada, pole kwa kuondokewa na bibi. Umesema kila ukipiga picha mrashi wake wa fedha, kile chombo cha kunyunyizia marashi, linatokea doa jeupe na kivuli chako mwenyewe. Kwanza zima flashi. Fedha iliyong'arishwa huakisi kama kioo, kwa hiyo kinachopigwa picha hasa ni vitu vinavyouzunguka.

Uweke mezani karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, mwanga utokee ubavuni. Ukiwa bado mkali, tundika shuka jeupe jembamba dirishani. Upande wa pili simamisha karatasi nyeupe, na uisogeze taratibu huku ukitazama shingo ya mrashi: utauona mstari wa mwanga ukishuka mpaka tumboni. Hapo ndipo umbo linapojitokeza, usiharakishe. Wewe rudi nyuma hatua mbili tatu, vaa nguo nyeusi, kisha kuza kidogo kwa simu. Gusa mrashi kwenye skrini na upunguze mwanga wa picha hadi nakshi zisomeke.

Nakuomba sana usiusugue kwanza. Ule weusi uliokaa ndani ya nakshi ndio unaozionyesha, na kila msuguo huondoa fedha kidogo. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi.

Chini tandika kitambaa cha rangi moja, kilichokoza. Kanga ya bibi ni nzuri, lakini maua yake yatashindana na nakshi. Ipige picha peke yake.