Kirikuu imekata umeme wote: usinunue kontroboksi kwanza

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina kirikuu, Suzuki Carry, nabebea chumvi kutoka Uvinza kuleta Kigoma mjini. Juzi nilisimama Kazuramimba kula, gari ikiwa nzima kabisa. Niliporudi na kugeuza swichi, taa za dashibodi ziliwaka, nikasikia "tak" moja tu, halafu kila kitu kikazima. Honi hailii, taa kubwa haziwaki, hata hazadi hakuna. Tulisukuma mpaka tukachoka, haikuwaka, ikabidi ivutwe hadi Mwanga, hapa Kigoma mjini. Fundi wa hapa alipima betri, mita ikaonyesha volti 12.5. Akasema betri ni nzima, kilichokufa ni kontroboksi, yaani kompyuta ya injini. Betri ina miezi saba. Ninunue kontroboksi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinunue, angalau si leo.

Nianze na honi, maana ndiyo inayosema ukweli hapa. Kwenye gari nyingi za Kijapani, honi, hazadi na taa kubwa huchukua umeme moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi zake. Haziombi ruhusa kwa kontroboksi, na wala hazisubiri swichi ya ufunguo. Kontroboksi ikifa, injini haiwaki lakini honi inalia. Kwako vyote vimekufa kwa mpigo mmoja, kwa hiyo tafuta mahali ambapo umeme wote unapita pamoja kabla haujagawanyika. Mahali hapo ni pachache: nguzo mbili za betri, waya mnene wa chanya, fyuzi kubwa ya mwanzo, na waya wa ethi unaotoka hasi kwenda kwenye chasi na injini.

Mimi naishuku ethi, na sababu ni chumvi yako. Betri ya kirikuu inakaa chini ya bodi la mizigo, ubavuni mwa chasi. Magunia yanavuja kidogo kidogo kwenye nyufa za bodi, chumvi inanyonya unyevu wa hewa, na masika ikifika inakuwa maji ya chumvi yanayodondokea kwenye vibano vya betri na kwenye bolti ya ethi. Shaba ikichanganyika na chumvi na umeme hailiwi taratibu kama kutu ya kawaida, inaliwa haraka. Gari za chumvi nimezifungua nyingi, nikakuta waya ambao kwa nje ganda ni zima kabisa, ukiubonyeza unasikia unga ndani.

Sasa kuhusu ile 12.5. Fundi wako hakudanganya, mita ndiyo haikuulizwa swali sahihi. Alipima betri peke yake, na mita yenyewe haivuti umeme wowote wa maana. Kiungo kilicholiwa na kutu ni kama ubao uliooza juu ya mtaro: kuku anavuka, mtu mwenye gunia anatumbukia. Chukua kiungo chenye ukinzani wa ohmu 1 tu. Hata ukikipa betri nzima ya volti 12, hakiwezi kupitisha zaidi ya ampea 12, wakati staata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, inataka makumi mengi ya ampea. Taa za dashibodi zinakula kidogo, ndiyo maana ziliwaka. Ulipogeuza hadi kwenye staata, volti zote zikaishia pale kwenye kiungo, kikapata moto, na kale kasehemu kalikokuwa bado kanagusana kakaungua. Ndiyo "tak" yako, na ndiyo giza lililofuata. Kusukuma nako kusingesaidia, kwa sababu pampu ya mafuta na plagi zinahitaji umeme, na haukuwepo hata kidogo.

Kabla ya kugusa chochote, vua pete na saa, na asiwepo mvuta sigara karibu, kwa kuwa betri hutoa gesi inayolipuka. Kisha fungulia swichi ya taa kubwa uiache hivyo hivyo, ingawa haziwaki. Hilo ndilo wengi wanalisahau: bila kitu kinachoomba umeme, mita haitakuambia lolote.

Weka mita kwenye volti za DC. Ncha moja iguse nguzo yenyewe ya risasi ya hasi, si kibano, na ncha nyingine iguse kibano kilichoishika. Kiungo kizima kinasoma karibu na sifuri. Halafu ncha ya kwanza ibaki kwenye nguzo, ya pili iguse chuma kitupu cha chasi, kisha chuma cha injini. Taa zikiwa zinafanya kazi, isizidi volti 0.2. Kwako, nina hakika kubwa, mahali fulani mita itaruka hadi karibu 12. Hapo ndipo palipokatika. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya: kutoka nguzo hadi kibano, halafu hadi kila upande wa fyuzi kubwa.

Huna mita? Chukua waya mmoja wa kubusti, ule mnene wa kuazimia umeme kwenye betri ya gari lingine. Banika upande mmoja kwenye nguzo ya hasi na mwingine kwenye chuma kisafi cha injini. Angalia mara mbili kwamba umeshika hasi, kwani ukikosea ukashika chanya utapiga shoti kubwa. Taa zikirudi, ethi ndiyo mgonjwa na kazi ya kutafuta imekwisha.

Kutengeneza kwake hakuhitaji fedha nyingi. Fungua hasi kwanza, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa chasi utaona cheche ambazo hutazisahau. Mwagia vibano maji ya moto yenye magadi kidogo, ukichunga yasiingie kwenye seli, halafu suuza. Piga msasa nguzo na vibano hadi ving'ae. Waya wa ethi ukate nyuma kidogo uangalie shaba: ikiwa nyekundu, endelea, ikiwa nyeusi, tupa waya wote ufunge mwingine wa unene uleule. Waya wa nyumbani hapana, utayeyuka kwenye staata. Kwenye chasi, kwangua rangi na kutu mpaka chuma cheupe, kaza bolti, ndipo upake grisi juu.

Fyuzi kubwa ikiwa ndiyo imekatika, usiiunge kwa waya wala msumari. Ilikatika kwa sababu, mara nyingi shoti au mtu alibusti kwa kugeuza chanya na hasi. Tafuta sababu hiyo kwanza, la sivyo utaunguza gari na chumvi yake.

Gari ikishawaka, pima betri injini ikinguruma: iwe kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki kwenye 12, altaneta haichaji. Pima pia asubuhi kabla ya kuwasha: 12.6 ni betri iliyojaa, 12.0 imekaribia kuisha.

Nasisitiza hivi kwa sababu nilishawahi kukosea. Miaka ya mwanzo ya ufundi wangu nilimuuzia mzee mmoja wa Ujiji betri mpya kwa tatizo kama lako. Alirudi baada ya siku mbili na giza lilelile. Ilikuwa bolti moja ya ethi. Nilimrudishia fedha yake, lakini siku mbili za kazi alizopoteza sikuwa na namna ya kumrudishia.

Kwa safari zako za Uvinza, tandika nailoni nzito chini ya magunia, na kila ukishusha mzigo osha chasi na sehemu ya betri kwa maji mengi yasiyo na chumvi.

Ukimaliza vipimo na bado honi haijalia, niandikie namba tatu: volti kati ya nguzo mbili taa zikiwa zimefunguliwa, kati ya nguzo ya hasi na injini, na kati ya nguzo ya chanya na upande wa pili wa fyuzi kubwa. Kwa namba hizo nitakuambia pa kufungua bila kukugharimu kontroboksi.