Barua kwa mwanangu anayetaka kusoma PhD ya biashara

Mwanangu,

Barua yako dada yako kanisomea, maana miwani yangu imevunjika. Umeuliza kama uache kazi benki ukasome PhD ya biashara, au usome huku ukifanya kazi. Na mada yako umeniandikia: jinsi mikopo midogo inavyokuza biashara za wanawake wa Morogoro. Hapo ndipo nilipokwama. Mwanamke wa Morogoro mwenye biashara si ndiye mimi?

Vyuo vipo. Chuo Kikuu Huria kipo tangu 1992 na kinasomesha watu wenye ajira zao. Ukitaka karibu na nyumbani, Mzumbe ile pale. Marehemu baba yako aliipitia ikiitwa bado IDM, kabla haijawa chuo kikuu mwaka 2001. Hayo unayajua kunishinda. Mimi nauliza kingine: hao wanawake watakwambia ukweli?

Unamkumbuka yule mtafiti wa mwaka 2014? Unamkumbuka, usijifanye, wewe ndiye uliyekuwa ukiniandikia daftari la mauzo. Ulikuwa wakati wa vurugu za mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi. Mwenye mauzo ya kuanzia milioni 14 kwa mwaka alitakiwa kununua mashine, na Kariakoo watu walikuwa wakifunga maduka kugoma. Ndipo ananijia kijana wa shati jeupe, barua imegongwa mihuri ya mkoa, wilaya na kata, ananiuliza, "Mama, mauzo yako kwa mwaka ni kiasi gani?" Nikamjibu hayafiki milioni nane. Ukakohoa. Yeye akaandika.

Mtu hakwambii ukweli wa pesa yake mpaka umekula kwake. Nalisema hili tangu mko wadogo na mnanicheka.

Akaja kwenye mtaji: umetoka benki, SACCOS, taasisi ya mikopo, ndugu, au kwingine, taja. Wangu ulitoka kwenye mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu, ule wa Jumapili kwa shangazi yako, nikaona nikiutaja nitawaponza wenzangu. Nikasema ndugu. Kisha akatoa ule ukurasa wa kuchagua. "Maamuzi ya biashara yangu nayafanya mwenyewe." Nakubaliana sana, nakubaliana, sina uhakika, sikubaliani, sikubaliani kabisa. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa amekaa palepale kwenye benchi na gazeti lake, na nikaona kurasa hazifunuliwi tena. Nikasema sina uhakika. Mimi! Niliyekuwa napanda basi la alfajiri kwenda Kariakoo, nachagua vitenge mwenyewe, nabishana bei mwenyewe, narudi usiku na mzigo mapajani. Jibu lile linaniuma mpaka leo.

Aliahidi kurudi na matokeo. Hakurudi. Pengine sasa ni Dokta, na kuna jarida mahali lina milioni nane zangu ndani yake. Hilo, kusema kweli, hunichekesha nikiwa peke yangu.

Lakini tena najibishana. Wasipouliza, nani atajua? Halmashauri inatakiwa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Mwaka 2023 serikali ikaisimamisha kwa muda, tukasikia vikundi hewa, tukasikia pesa hazirudi. Zimekwenda wapi? Wengine hapa sokoni wamekimbilia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Anakopa huku, analipa rejesho la kule, na huko benki kwenu anaonekana mteja mzuri kabisa. Hilo linahitaji mtu alifuatilie, na wewe umelelewa chini ya meza ya vitenge, yule kijana hakulelewa hapo. Kwa hiyo labda ni wewe.

Labda. Ila sasa una tai na kitambulisho cha benki shingoni. Watakuogopa kuliko walivyomwogopa yeye. Ukitanguliza mtendaji wa kata, umekwisha. Inabidi ukae nao kwanza bila dodoso, msimu wa mauzo na msimu wa ukame, mpaka mmoja akukaribishe ugali kwake. Mtu hakwambii ukweli wa pesa yake mpaka, basi, unajua mwisho wake. Na mwenye likizo ya siku 28 kwa mwaka atakaa sokoni lini?

Unaona ninakoelekea. Siendi huko. Nilijiahidi siku ya harusi yako kwamba mambo ya kazi yako sitayaamua, ingawa jibu ninalo na linaniwasha ulimi. Zungumza na mkeo kwanza, maana ule mkopo wa kiwanja mliusaini wote wawili. Ukishamsikiliza, nipigie. Ukinibana nitasema, lakini usinibane kabla ya hapo.

Mama yako