Maamuzi ya kufanya kabla ya kutengeneza kifurushi cha programu za ubunifu

Chuo ninachokihudumia hapa Amu kina kompyuta 22: 14 za darasani, 6 za ofisini, na Mac 2 za chumba cha video. Mwaka wa kwanza nilizisakinishia Photoshop ya kuhariri picha, Illustrator ya michoro na InDesign ya kupanga kurasa, moja baada ya nyingine, kila mashine ikipakua mafaili yake upya, na bando la mwezi likaisha kabla sijafika mashine ya nane. Tangu hapo mimi hutengeneza kifurushi, yaani faili moja lenye programu zote na mipangilio yake, mara moja kwenye ukurasa wa msimamizi wa Adobe, kampuni inayozitengeneza programu hizo, nikakipakua usiku mmoja, kisha nikakisambaza kutoka kwenye diski. Anayefanya kazi kama yangu katika shule, hoteli au kituo cha redio hapa pwani ningemshauri kwanza ajue kwamba usakinishaji wenyewe ndio sehemu nyepesi. Uzito uko katika maamuzi yanayofungwa ndani ya kifurushi kabla ya kubonyeza kitufe cha kukitengeneza, kwa sababu kwa mtandao wetu uamuzi mbaya unaogunduliwa asubuhi ni usiku mzima uliopotea.

Uamuzi wa kwanza ni leseni. Hadi Creative Suite 6, mkusanyiko wa programu hizo uliotoka mwaka 2012, fundi alikuwa na namba ya usajili ambayo aliiingiza na kazi ikaisha. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya yatapatikana kwa Creative Cloud pekee, yaani kwa usajili unaolipiwa kila kipindi, na leo taasisi huchagua kama leseni itamfuata mtu au itakaa kwenye kompyuta. Leseni ya mtu humruhusu mwenyewe kuingia kwa akaunti yake na kuwa na programu kwenye kompyuta mbili, ingawa hawezi kuzitumia zote mbili kwa wakati mmoja. Leseni ya kompyuta ya pamoja, iliyokusudiwa maabara na madarasa, hubaki kwenye mashine, na yeyote aliyeruhusiwa hukaa, akaingia kwa akaunti yake, akafanya kazi.

Mimi nililiwekea darasa leseni ya mtu. Wiki ya pili mwanafunzi mmoja, aliyekuwa akichora upya nakshi za mlango wa nyumbani kwao katika Illustrator, alikuta kompyuta alizozizoea zimekaliwa, akaketi kwenye ya tatu. Akaniita: “Mwalimu, yaniambia nitoke kwanza kwenye kompyuta nyingine.” Wenzake watatu walikuwa na tatizo hilohilo, na nusu ya kipindi ikaishia katika kutoka na kuingia. Usiku ule nilitengeneza kifurushi kingine chenye leseni ya pamoja. Kwa hiyo, kabla ya kufungua ukurasa wa msimamizi, pita kwenye kila chumba ujiulize nani atakaa kwenye kila kiti na kwa zamu ngapi. Kiti cha mhasibu anayetengeneza vipeperushi peke yake si sawa na kiti cha darasa chenye zamu ya asubuhi na ya jioni. Ukumbuke pia kwamba leseni ya pamoja haiondoi haja ya akaunti: wanafunzi wote wawe nazo, na wawe wamezijaribu, kabla ya kipindi cha kwanza.

Uamuzi wa pili, ambao nauona mzito zaidi kwa mji kama huu, ni lugha. Sisi hutengeneza mabango ya Maulidi, na bango la Maulidi halikamiliki bila maandishi ya Kiarabu. Ukichagua Kiingereza cha kawaida wakati wa kutengeneza kifurushi, InDesign itakuja bila vitufe vya kugeuza aya ianze kulia kwenda kushoto. Katika orodha ya lugha kuna chaguo la Kiingereza chenye msaada wa Kiarabu, na hilo ndilo la kuchagua. Nilijifunza jambo hili nikiwa nimesimama nyuma ya mwalimu wa usanifu, tukitazama jina la Mtume likitokea kwa herufi zilizoachana, kila moja peke yake, zimepangwa kinyume. Mwalimu yule hakusema neno. Alilifuta na kuzima skrini. Sitaki mtu mwingine aone jambo hilo kwenye kompyuta niliyoitayarisha mimi.

Mengine ni ya kifundi na huamuliwa upesi. Windows na Mac kila moja ina kifurushi chake, na kwa Mac utaulizwa kama ni za chipu ya Intel au za Apple. Ruhusa ya watumiaji kujisakinishia programu na kujisasishia wenyewe naifunga kwa mashine za darasani, kwa kuwa kompyuta 14 zinazoanza kupakua masasisho saa tatu asubuhi huumaliza mtandao wa chuo kizima.

Kifurushi kikishashuka, kijaribu kwanza kwenye kompyuta moja safi, ambayo haijawahi kuwa na programu hizo. Jaribio langu la kwanza lilikwama katikati bila maelezo ya maana. Nilihangaika hadi alasiri, nikashuku leseni, nikashuku diski, kumbe tatizo lilikuwa majina ya mafolda. Nilikuwa nimekifungulia kifurushi ndani ya folda ya idara, ndani ya folda ya mwaka, ndani ya folda yenye jina refu la mradi, na kwa kawaida Windows haipokei njia ya faili, yaani majina yote ya folda pamoja na la faili lenyewe, inayozidi herufi 260. Kifurushi chenyewe kina folda nyingi zilizojificha ndani kwa ndani, kwa hiyo sasa nakifungulia kwenye mzizi wa diski, yaani pale mwanzo kabisa pasipo folda nyingine juu yake, katika folda yenye jina la herufi mbili. Namba za matokeo ambazo usakinishaji huzitoa unapomalizika nazo zinasaidia sana ukizijua: 0 ni salama, 3010 ni salama lakini kompyuta inataka kuwashwa upya, 1618 inamaanisha kuna usakinishaji mwingine unaoendelea, na 1603 ni kushindwa kabisa, ambapo huna budi kufungua faili la kumbukumbu za usakinishaji na kulisoma. Baada ya hapo toka kwenye akaunti ya msimamizi, uingie kama mwanafunzi wa kawaida, ufungue kila programu, uandike neno, uhifadhi faili. Programu inayomfungukia msimamizi inaweza kumkatalia mwanafunzi.

Tawi letu la Mokowe hupelekewa diski kwa boti, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, maana maji ya chumvi hayana huruma. Nikifika hunakili kifurushi kwenye diski ya kila kompyuta kabla ya kukiendesha, na huacha nafasi ya kutosha kwa faili lililobanwa, folda lililofunguliwa na programu yenyewe, vyote vitatu kwa pamoja. Mashine za mezani huwa kwenye UPS, betri ya kuzishikilia umeme ukikatika, muda wote huo.

Programu za ubunifu za bure hazina shida ya leseni, nazo nazipenda kwa wanafunzi watakaorudi nyumbani bila usajili. Ila kila moja ina njia yake ya kusakinishwa kimyakimya, yaani bila kumuuliza mtu maswali: Blender na Inkscape zina faili la MSI, aina ya faili la usakinishaji la Windows, GIMP hutaka amri ya /VERYSILENT, na Krita hutaka /S yenye herufi kubwa.

Matoleo mapya ya kila mwaka siyakimbilii. Kazi iliyohifadhiwa katika InDesign mpya haifunguki kwenye ya zamani mpaka itolewe kama IDML, aina ya faili ambayo matoleo ya zamani huweza kuisoma, na darasa lenye matoleo mawili hukwamishana kila siku. Ndiyo maana kompyuta zote huhama pamoja wakati wa likizo, na kifurushi cha zamani sikifuti kwenye diski mpaka bango la mwisho la muhula uliopita liwe limefunguka sawasawa katika toleo jipya, pamoja na Kiarabu chake.