Bendera ya Manjano Niliyoiona: Jibu kwa Kijana wa Chake Chake

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Chake Chake aliniandikia ujumbe mrefu na wa adabu, akaniita ami, akaniuliza kama ni busara auze fungu lake la karafuu za msimu huu ili apate nauli na ada ya kwenda kujifunza mashindano ya magari Uingereza, kama nilivyofanya mimi. Niliusoma mara tatu nisiweze kumjibu papo hapo, kwa sababu yeye ameziona picha zangu nikiwa nimevaa ovaroli na helmeti, lakini hajui msimu ule ulimalizikaje. Namjibu hapa kwa urefu, kwa kuwa wenye shauku kama yake Unguja na Pemba ni wengi.

Wakati huo nilikuwa nikiishi Northampton na kufanya kazi za usiku katika bohari. Mji huo uko karibu na Silverstone, kiwanja cha ndege cha zama za vita kilichogeuzwa kuwa uwanja wa mashindano, ambako mwaka 1950 zilifanyika mbio za kwanza za ubingwa wa dunia wa Formula 1. Sisi hatukuwa na makuu hayo. Tulikuwa watatu, mimi wa mjini, mwenzetu wa Makunduchi na rafiki yangu wa Wete ambaye tulisoma skuli moja, na tulichanga fedha tukanunua Citroën C1 kuukuu, kwani klabu za kule huandaa mbio za saa nyingi za vigari hivyo, ambazo madereva hupokezana. Msomaji asiyeijua C1 na aitazame Passo ya lita moja iliyoegeshwa nje kwa jirani yake: injini ni ileile ya silinda tatu, yenye ujazo wa sentimita 998. Sheria za mashindano hayo zinataka gari litiwe kizimba cha vyuma, mikanda ya kubana mwili mzima, mtungi wa kuzimia moto na swichi ya kukata umeme, lakini zinakataza kuiongezea injini nguvu. Unabaki na nguvu zako za farasi 68, na anayekupita anazo hizo hizo.

Hapo ndipo ilipo elimu yote ya mchezo huu, na ningependa kijana wangu atulie hapo. Katika gari dhaifu, kila ukigusa breki pasipo haja unapoteza mwendo ambao injini haitakurudishia mpaka umefika katikati ya barabara iliyonyooka inayofuata. Kwa hiyo hujifunzi kukimbia, bali unajifunza kutopoteza: kuachia breki mapema, kugeuza usukani mara moja bila ya kuupapasa, na kutazama mwisho wa kona badala ya pua ya gari. Unajifunza pia kukaa nyuma ya mwenzio akupasulie upepo, kisha kuchomoka pale tu panapofaa. Wiki mbili za mwanzo nilidhani nafahamu kuendesha kwa sababu nimeendesha daladala ya baba yangu mdogo tangu ujana. Sikuwa nikifahamu kitu.

Kabla ya kuruhusiwa kushindana lazima ufanye mtihani wa kuandika na wa kuendesha, na sehemu inayosisitizwa mno ni bendera. Buluu inakuarifu kwamba nyuma yako yupo mwenye kasi zaidi. Yenye mistari ya manjano na nyekundu inaonya kwamba njia inateleza. Nyekundu inasimamisha mbio. Manjano ni hatari iliyo mbele: punguza mwendo na usimpite mtu yeyote. Niliyahifadhi haya kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi juzuu yake, nikafaulu, na gari likabandikwa kwa nyuma alama ya dereva mgeni, mraba wa manjano wenye mistari miwili myeusi iliyopishana.

Mbio ninazojivunia ni zetu za pili, pale Silverstone, na sioni haya kujivunia. Mvua ilianza nilipokwisha kukabidhiwa usukani, na kioo kikajaa ukungu kwa ndani hata nikawa naona taa nyekundu tu za walio mbele. Nilikuwa nimefunga kipande cha kanga ya mama yangu kwenye kijiti nikakichomeka kando ya kiti, kwa sababu kanga iliyofuliwa miaka mingi hunyonya maji kuliko kitambaa chochote cha dukani, na katika kila barabara iliyonyooka nilikinyoosha nikafuta sehemu ndogo ya kuchungulia. Njia ya kawaida ya kuingilia kona imejaa mpira uliosuguliwa na matairi, na ikilowa huteleza kama ngazi za bandarini, kwa hiyo nilipita upande wa nje, njia ndefu, huku wenzangu wakizunguka na kuishia majanini mmoja baada ya mwingine. Niliendesha dakika 90. Nilipokea gari likiwa la 21, nikalikabidhi likiwa la 11, na rafiki yangu wa Wete alipofungua mlango alinishika kichwa kwa mikono miwili kabla hata sijavua helmeti. Jioni ile tulikula pilau kwenye deli, tumekaa juu ya matairi, na Waingereza wa gereji ya jirani wakaja na sahani zao.

Mbio mbili zilizofuata hazina la kusimulia.

Za mwisho zilikuwa Snetterton, kaunti ya Norfolk, uwanja wenye mzunguko wa karibu kilomita 4.8. Nilipewa zamu ya kumaliza. Zikiwa zimebaki dakika 20 tulikuwa wa tatu, nafasi ambayo hatukuwahi kuiota, na gari jekundu nililokuwa nimeshindana nalo kwa nusu saa likanipita katika barabara ndefu iitwayo Bentley. Nilichukia kwa namna ambayo sijawahi kuchukia katika gari. Mwishoni mwa barabara hiyo, tunapofunga breki kwa ajili ya kona ya Brundle, nilichomokea ndani nikalipita. Upande wa kushoto bendera ya manjano ilikuwa ikipepea, na mbele kidogo, majanini, mwanamume aliyevaa nguo za rangi ya machungwa alikuwa ameinama akisukuma gari lililokwama. Aliinua uso akanitazama.

Adhabu ilikuja baada ya mizunguko miwili: nipite katika njia ya kujazia mafuta, ambayo wenyewe tunaiita piti, kwa mwendo wa pole, wenzangu wakinitazama. Tulimaliza wa nane. Baadaye nilimfuata yule bwana wa majanini, ambaye, kama wote wanaopepea bendera na kusukuma magari katika mbio za klabu, alikuja kwa kujitolea tu. Alikuwa na umri wa baba yangu, akimimina chai kutoka kwenye chupa. Hakunigombeza. Aliniuliza kama niliiona bendera, nami nikamjibu kwamba sikuiona. Niliwaambia wenzangu hivyo hivyo. Leo nasema mbele ya kila anayesoma: niliiona.

Rafiki yangu wa Wete aligundua kabla sijasema. Ndani ya gari tulikuwa na kamera, na aliporudia kuitazama ile picha aliisikia injini: sauti inashuka kidogo, kwa sababu mguu wangu uliinuka nilipoiona bendera, kisha inapanda tena. Siku tatu baadaye nilipokea mistari miwili kwenye simu ikiniarifu kwamba msimu ujao wametafuta mtu mwingine. Kosa lilikuwa langu, na sijawahi kulikana tangu siku hiyo. Hata hivyo, mtu niliyekaa naye dawati moja, niliyelipa sehemu yake ya matairi alipokuwa hana kazi, alipaswa kuja kubisha hodi akaniambia usoni. Idi ile walialikana bila mimi. Imepita miaka, nimerudi nyumbani, na jambo hilo bado linaniuma kuliko nafasi ya tatu tuliyoikosa.

Ndiyo maana nawaambia vijana, na nitarudia hata wachoke: gari halikufichi. Kama una kiburi litakitoa nje, kama una pupa litaitoa nje, na litafanya hivyo siku ambayo kuna mtu ameinama majanini. Wale wanaoshindana usiku kwenye barabara zetu za shamba, ambako kuna baiskeli zisizo na taa na watoto wanaotoka madrasa, na wajiulize nani atawapepea bendera. Hakuna. Mimi nilikuwa na mtu wa kunipepea bendera, nikampuuza. Wao hawana hata huyo. Jifunze kuachilia, mwanangu. Akikupita, muache apite. Lala vya kutosha kabla ya siku ya mbio, kunywa maji hata kama husikii kiu, na ukihisi hasira imekupanda, sema kwenye redio utolewe kwenye gari. Wenzio watakuheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa kikombe.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Karafuu usiziuze kwa ajili ya nauli. Uingereza utakuta ada ya leseni, ada ya kila mbio, matairi, mafuta na chumba cha kulala, na fungu lako litakwisha kabla hujafika kwenye mstari wa kuanzia, nawe utabaki ugenini ukifanya kazi za usiku kama mimi. Tanzania Bara kuna mbio za rali, ambazo hukimbiwa kwenye njia za vumbi chini ya leseni za Chama cha Magari cha Tanzania, na msaidizi wa fundi anayejua kufungua breki gizani ni mtu anayetafutwa. Anzia hapo, kwa mikono yako, kabla ya kuutamani usukani.

Kwa sasa nina gereji ndogo Mwanakwerekwe. Panda boti uje Jumamosi yoyote baada ya sala ya alasiri. Nitakuwa nimeinua Passo, magurudumu ya mbele yametolewa, na utazitia breki pedi mpya wewe mwenyewe huku nikikuuliza bendera moja baada ya nyingine, nikianza na ya manjano.