Kijapani Kati ya Mteja na Mteja

Nauza spea Kisumu. Probox au Fielder iliyotoka Japani ikiwashwa mbele ya duka, mara nyingi mwanamke husikika kwenye dashibodi: "ETC kaado ga soonyuu sarete imasen." Fundi mmoja alishikilia kwamba huyo mama anatusalimia. Kumbe analalamika: kadi ya kulipia barabara za kwao haijaingizwa. Maskini, analalamika tangu gari liliposhuka Mombasa. Hapo ndipo Kijapani kiliponinasa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa ratiba. Nilibandika karatasi ukutani: saa tatu hadi saa tano usiku, kila siku. Nikaifuata siku nne. Ukifunga duka, upande matatu ya Mamboleo, ule, uzungumze na watoto, saa mbili hizo utazitoa wapi? Stima ilipopotea usiku wa tano, nilifurahi. Nikaing'oa karatasi.

Sasa nasoma kwenye kaunta. Fundi akienda kujaribu kama spea inaingia, nina dakika 5. Nafungua Anki kwenye simu, ile programu ya kadi inayokurudishia upesi neno ulilokosa na kulichelewesha ulilolijua. Lakini usiwe na tamaa. Mimi niliweka maneno mapya 20 kwa siku, kisha nikaenda nyumbani Mumias kupalilia mahindi siku 9. Niliporudi, kadi zaidi ya 400 zilikuwa zinanidai. Nusura niifute. Badala yake nilizima maneno mapya, nikalipa 60 kwa siku kama deni la chama, na tangu hapo sizidishi maneno 5. Siku ya soko nikipitia kadi 10 tu, sijilaumu.

Matamshi hayatakusumbua: a, e, i, o, u ni zetu, na silabi karibu zote huishia kwa irabu. (Ila "mimi" kwao ni sikio, na "nani" ni "nini".) Kama kazi yako ni ya bidhaa, baada ya hiragana, herufi zao za msingi za silabi, kimbilia katakana, herufi wanazoandikia maneno ya kukopa. Siku niliyosoma "bureeki" kwenye boksi la breki nililokuwa nimelipanga rafuni miezi mingi, nilipata nguvu kuliko wosia wowote. Kanji, zile alama zenye asili ya Uchina, usizihesabu kwanza. Orodha rasmi ina 2,136, na N5, ngazi ya chini kabisa ya mtihani wa Kijapani kwa wageni (JLPT), hauhitaji hata robo yake. Tena humo unachagua jibu, huandiki kwa mkono.

Kilichonitesa zaidi ni ukanushi. Sisi tunautanguliza: haijaingizwa. Wao huuweka mkiani, "imasen", kwa hiyo lazima usikilize hadi mwisho ndipo ujue kama ni ndiyo au siyo.

Juzi Fielder iliwashwa, yule mama akaanza. Nikamtafsiria kijana wangu wa duka.

"Na hiyo kadi tunayo, mkubwa?"

"Hatuna."

"Basi si umwambie!"

Nikaguna. Hapo bado sijafika.